MWAKA MPYA NA KHOFU ZA NAFSI

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu wa Dodoma, na Kondoa, na Mpwapwa, na Manyoni, na kila mahali karatasi hii itakapofika: mwezi wa Muharram, ndio Mfunguo Nne, umeandama, na mwaka mmoja katika umri wetu umekwisha kuhesabiwa. Siku hii si Idi, wala hatukuamrishwa kuifanyia karamu. Lakini mwenye duka hufunga daftari lake mwisho wa mwaka akajua faida na hasara. Basi mwenye nafsi yampasa zaidi kulitazama la kwake, kabla halijafunguliwa mbele yake Siku ya Kiyama.

Jueni ya kuwa Sahaba walipokutana zama za Sayyidna Umar kuweka tarehe ya Kiislamu, hawakuanzia mazazi ya Mtume wala ushindi wa Badri. Walianzia Hijra, safari ya mwaka 622. Na safari ile ilianza katika khofu. Mtume na Sayyidna Abubakar walikaa siku tatu katika pango la Thaur, na waliowatafuta wakafika hata mlangoni. Abubakar aliingiwa na khofu, si kwa nafsi yake bali kwa ajili ya Mtume, naye Mtume akamtuliza kwa kumkumbusha ya kuwa Mwenyezi Mungu yu pamoja nao. Khabari hii imo katika Sura ya At-Tawba, aya ya 40.

Basi kuogopa si kufuru, kwani aliogopa Siddiki. Aibu ni kuiacha khofu ikatunyima kutenda haki. Tazameni: usiku ule ule Mtume alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili azirudishe amana za watu wa Makka, nao ndio walioazimia kumuua. Na aliyewaongoza njia jangwani, Abdullah bin Uraikit, hakuwa Mwislamu. Aliaminiwa ngamia, akaambiwa siri ya pango, akatimiza ahadi yake.

Na tuyalete hayo hapa kwetu. Magharibi ya Mpwapwa iko nyika iitwayo Marenga Makali, yaani maji makali. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani iliiogopa nyika hii kwa kuwa haina maji. Wapagazi walijaza vibuyu, wakatirikeza mchana jua likipungua, wakalala pasipo maji, wakaamka alfajiri wakenda. Walikuwamo Waswahili, na Wanyamwezi, na Waarabu, na wengine, wenye kusali na wasiosali. Kiu haikumchagua mmoja kwa kabila lake, na aliyeanguka njiani alihitaji kibuyu cha mwenziwe, awaye yote. Mwenyezi Mungu ametujuza katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, ya kuwa ametuumba kwa mume na mke mmoja, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane.

Sasa gari la moshi na motokaa zimeiondoa khofu ya Marenga Makali. Khofu ya njaa haikuondoka. Nchi yetu hupata msimu mmoja tu wa mvua, tangu Desemba hata Aprili, na ukikatika hakuna wa pili. Wazee wa Ugogo wametuachia jina la Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hata 1920, baada ya majeshi ya vita, ya Wadachi kisha ya Waingereza, kuchukua nafaka na ng'ombe na wapagazi, na mvua nayo ikakosekana. Walikufa watu wapatao 30,000 katika watu 150,000. Mwenye kukumbuka hayo halaumiwi kwa kuweka akiba. Hulaumiwa kwa kufunga mlango.

Nami niandikaye si mwema kuliko msomaji. Mwaka mmoja mvua ilikatika mwezi wa Februari. Mama jirani yangu, asiyekuwa wa dini yetu, alinijia na ungo mtupu. Nilikuwa na magunia manne ya mtama. Nikamwambia, "Mama, hata sisi hatuna." Akasema, "Haya baba, Mungu atatupa," akaondoka. Mwezi wa Machi mvua ikarudi, tukavuna. Ule mtama wa zamani nilipoufungua nilikuta umeliwa na fukusi, haukunifaa mimi wala yeye. Kilichonibakia ni uwongo wangu.

Khofu iliniambia neno moja la kweli, kwamba njaa yaweza kuja. Kisha ikaniambia la uwongo, kwamba Mwenye kuruzuku amesahau. Tumekwisha kuonywa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 268, ya kuwa Shetani ndiye atutishaye kwa ufakiri. Na Mtume ametufundisha ya kuwa si Muumini wa kweli ashibaye hali jirani yake ana njaa. Wala hakusema jirani Mwislamu. Abdullah bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kwanza kama jirani wake Yahudi amekwisha kupelekewa.

Basi mwaka huu yatupasa mambo matatu. Kwanza, kila mtu aitaje khofu yake mbele ya Mola wake kwa jina lake: ni njaa, au ni watu, au ni mauti. Pili, amwendee aliyemdhulumu kwa sababu ya khofu hiyo, amtake radhi. Mimi nilikwenda, na miguu ilikuwa mizito kuliko gunia. Tatu, katika akiba yake atenge japo debe moja la yule atakayebisha hodi.

Na siku ya 9 na ya 10 ya mwezi huu tufunge, kwa kukumbuka siku aliyookolewa Nabii Musa, bahari mbele yake na Firauni nyuma yake. Watu wake walidhani wamekwisha kukamatwa, na njia ikafunguliwa.

Ewe Mola wetu, tuvushe nyika iliyo mbele yetu pamoja na jirani zetu, utupe mvua yenye manufaa, wala usiifanye khofu yetu kuwa kufuli ya milango yetu. Amin.