Nani Anayeziba Mlango?

Twaijua habari ya yule mwenye kupooza katika Injili ya Marko, sura ya 2. Tabibu wake alikuwa karibu, tena hakudai malipo. Hata hivyo mgonjwa hakuweza kuingia. Waliomzuia walikuwa watu. Nao hawakuwa watu wabaya, bali watu waliokuja kulisikiliza Neno. Waliuziba mlango kwa migongo yao, wala hawakujua.

Basi na tujiulize: je, sisi nasi twauziba?

Katika nchi yetu ya Bukoba na Muleba hospitali zipo. Ndolage, hospitali ya Kanisa letu, iko Kamachumu. Rubya ni ya ndugu zetu Wakatoliki. Lakini mtu aliye katika kisiwa cha Goziba au Bumbire hana budi kungoja chombo na kulipa nauli kabla hajafika katika hospitali hizo. Mama mjane naye ana watoto na migomba. Akilazwa, nani atawapikia? Mambo haya si magonjwa, lakini huua.

Tena iko aibu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walijulikana mkoani Kagera mwaka 1983. Siku zile dawa haikuwapo. Leo ipo, nayo hutolewa bure. Lakini wako wanaokipita kituo cha karibu na kwenda mbali, ili jirani asiwaone. Nauli ikikosekana, dawa huachwa. Jirani huyo ni nani? Pengine ni mimi, nikitoka ibadani.

Mtu atasema, "Hiyo ni kazi ya serikali." Kweli, barabara na vyombo ni kazi ya serikali. Lakini kuuzuia ulimi wangu ni kazi yangu mwenyewe.

Fikirini na neno hili: vijijini mwetu vipo vyama vya kuzikana. Mtu akifa, fedha hupatikana, ndizi huletwa, maji huchotwa. Desturi hii ni njema, tusiiache. Lakini je, ni haki mtu apate wachukuzi akiwa maiti, naye aliwakosa alipokuwa mgonjwa? Wale wanne wa Injili hawakungoja afe.

Kwa hiyo, walimu na wazee wa usharika, ulizeni kila juma: nani anaugua, nani hana nauli, nani atamlindia watoto? Wale wanne iliwapasa kutoboa dari. Sisi yatupasa kwanza kuondoka mlangoni. Mungu atusaidie.