Unamfuata Nani Kwenye Mawe?

Somo: Mithali 13:20

Wako wanaopanda baiskeli za milimani kule vilima vya Ngong na kuteremka njia za mawe matupu. Ukiwauliza siri yao, watakwambia: baiskeli hufuata macho. Ukilikodolea jiwe, utaligonga. Ukitazama upenyo kati ya mawe, utapita. Lakini mgeni atajuaje upenyo uko wapi? Anamfuata mzoefu, huku akiacha nafasi ili mwenzake akianguka asimparamie.

Suleimani alisema hivyo zamani: mwenye hekima akiwa mwenzako wa safari, nawe hekima itakuingia.

Kwanza, mzoefu anakuonyesha kwa vitendo. Anashusha kiti, anasimama juu ya pedali, anakunja viwiko na magoti. Breki ya mbele hakamati ghafla, maana itamrusha juu ya usukani. Wewe unaona, unafanya.

Pili, anakwambia ukweli. Penye hatari anasimama, anapakagua kwa miguu, kisha anasema, "Hapa wewe shuka, tembea." Kushuka si aibu, mpendwa. Aibu ni rafiki anayekushangilia ukielekea korongoni!

Tatu, anakungoja chini. Hata mchezo wenyewe ulikuzwa na marafiki. Kule California mwaka 1976, kikundi kimoja kilianza kushindana kwenye mteremko mkali kwa baiskeli kuukuu. Breki zilipata moto hadi grisi ikaungua, ikabidi kila wakifika chini watie nyingine. Mmoja wao, Joe Breeze, mwaka uliofuata akaunda fremu ya kufaa milima. Walifundishana.

Sasa tuje nyumbani. Kuna ndugu amechukua mkopo wa simu kulipa mkopo wa simu, mke wake hajui, na anaowaomba ushauri ni walewale waliomfundisha kubeti. Huyo anamfuata nani? Kwenye biashara tunasema, kabla ya kuweka pesa, muulize aliyeshaifanya kazi hiyo. Kwa nini kwenye maisha tunauliza waliolala mtaroni?

Wiki hii mtafute mtu mmoja aliyeshavuka mahali ulipokwama. Mwambie deni ni ngapi, usipunguze hata shilingi. Akikwambia shuka, shuka.

Na wewe uliyeshavuka, usitimke peke yako. Geuka nyuma. Kuna mtu kwenye mawe anakuangalia.

Amina.