Juu ya Utii wa Mbwa

Katika viumbe vyote vilivyo chini ya mkono wa mwanadamu, hapana kilichosogea karibu na maisha yake kuliko mbwa. Ng'ombe ana zizi lake, punda ana mzigo wake, na paka, ingawa hulala ndani ya nyumba, shauri lake hulikata mwenyewe. Mbwa peke yake huutazama uso wa mtu ili ajue la kufanya. Kwa hiyo swali la namna ya kumfunza si dogo kama lionekanavyo, wala si la wawindaji na walinzi peke yao. Ni swali la jinsi impasavyo mwenye uwezo wote kumtendea asiye na uwezo wowote, mahali pasipo hakimu wala shahidi, na mtendewa hana ulimi wa kushitakia.

Jibu la zamani lilikuwa fimbo, nalo halikukosa wataalamu wake. Mwaka 1910 Konrad Most, ofisa wa polisi katika Ujerumani, alitoa kitabu juu ya ufunzaji wa mbwa ambacho kilifuatwa kwa miaka mingi na wafunzi wa mbwa wa polisi na wa jeshi. Kwa rai yake, kati ya mtu na mbwa sharti pawe na mshindi na mshindwa. Baadaye rai hiyo ilipata nguvu mpya kutokana na habari za mbwa mwitu wa nchi za baridi. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alieleza mwenendo wa mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, na jinsi walivyogombea daraja. Watu wakasema kwamba ikiwa mbwa ni ndugu wa mbwa mwitu, basi kila mbwa aliye uani anangoja siku ya kumpindua bwana wake, na sharti akumbushwe kila siku nani mkubwa. David Mech, ambaye kitabu chake cha 1970 kiliieneza sana habari hiyo, ndiye aliyeisahihisha mwaka 1999 baada ya kuwatazama wanyama hao majira mengi ya joto katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini mwa Kanada. Alionyesha kwamba kundi la porini ni jamaa moja. Viongozi wake ni baba na mama, na wafuasi ni watoto wao. Wafungwa walitazamwa gerezani, na desturi za gereza zikaandikwa kuwa ndizo desturi za ukoo.

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kudai kwamba fimbo haifunzi. Fimbo hufunza, na pengine hufunza upesi. Mbwa aliyepigwa kwa kupanda kitini hatapanda tena, angalau mpigaji akiwapo. Lawama ya fimbo ni kwamba hufunza mengi kuliko mfunzi alivyokusudia, naye hana uwezo wa kuchagua yapi yashikwe. Pamoja na kiti, mbwa huushika mkono, sauti, kishindo cha mlango, na yule mtoto aliyekuwa akipita wakati wa kipigo. Katika Ureno watafiti waliwachunguza mbwa 92 wa nyumbani waliokuwa wakifunzwa kwa njia mbalimbali, wakatangaza matokeo mwaka 2020. Waliofunzwa kwa vitisho na maumivu walionyesha dalili nyingi zaidi za wahaka wakati wa somo, na mate yao yaliuthibitisha wahaka huo baada ya somo. Tena walipowekewa bakuli mahali pa mashaka, pasipojulikana kama pana chakula au hapana, waliliendea polepole kama wasiotumaini kukuta kitu. Bakuli hilo halikuwa na uhusiano wowote na somo. Hofu ilikuwa imetoka darasani ikaingia katika maisha.

Liko jaribio la zamani zaidi ambalo ni uchungu kulisimulia. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Martin Seligman na Steven Maier waliwafunga mbwa na kuwapiga kwa umeme. Baadhi yao waliweza kuuzima umeme kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Wengine hawakuweza lolote, wafanye watakalo. Kisha wote walitiwa katika sanduku ambalo umeme wake ungeweza kukimbiwa kwa kuruka kizuizi kifupi. Waliokuwa na kibao waliruka. Wengi katika wale wengine hawakuruka. Walilala chini, wakalia kidogo, wakapokea. Elimu ikasema kwamba walikuwa wamejifunza unyonge. Mwaka 2016 wataalamu hao hao wawili waliandika kwamba jambo hilo walikuwa wamelisoma kinyume. Unyonge haufunzwi, kwa kuwa huja wenyewe mateso yanapokuwa marefu. Kinachofunzwa ni ujuzi kwamba liko jambo ambalo kiumbe aweza kulitenda likabadili hali yake.

Mpita njia akimwona mbwa wa namna ile, ametulia tuli miguuni pa bwana wake, husifu adabu yake. Hapo neno adabu hudhulumiwa, maana adabu ni tendo, na mbwa yule hatendi kitu.

Njia ya pili ilianza na paka. Edward Thorndike, mwaka 1898, aliwafungia paka katika vifungo vyenye kitasa, akaona kwamba tendo liletalo faraja hurudiwa na tendo lisiloleta kitu hufifia. B. F. Skinner aliiendeleza elimu hiyo, na mwaka 1951 alieleza katika jarida la sayansi jinsi mtu yeyote awezavyo kumfunza mnyama kwa chakula na sauti ndogo. Sauti ndiyo siri ya kazi. Chakula hufika kwa kuchelewa. Mbwa aliyeketi huwa amekwisha simama kabla mkono haujatoka mfukoni, na akilipwa hapo amelipwa kwa kusimama. Lakini kidude cha bati kikilia "ta" wakati ule ule makalio yanapogusa ardhi, mbwa hujua ni tendo gani lililonunuliwa, na chakula chaweza kufuata baadaye kidogo. Tendo kubwa hugawanywa. Atakaye mbwa aje aitwapo huanza kwa kulipa kichwa kilichogeuka, kisha hatua moja, kisha hatua tatu, kisha mwendo wa uwanja mzima. Likitendwa kosa hapana adhabu. Hapana malipo pia, basi.

Yafaa ikumbukwe kwamba ufundi huu ulinolewa na mnyama asiyepigika. Katika miaka ya 1960 Karen Pryor alikuwa akiwafunza pomboo katika Hawaii. Pomboo akichapwa huenda zake upande wa pili wa bwawa, na mwenye kiboko hubaki ukingoni. Mfunzi hana budi kumfanya atake. Mwaka 1984 Pryor aliyaeleza maarifa hayo katika kitabu kilichosomwa sana na wenye mbwa. Ilikuwa heri kwa mbwa kwamba pomboo hafungiki kamba.

Hapa huzuka hoja nzito. Husemwa kwamba chakula ni rushwa, na utii ulionunuliwa si utii. Sehemu ya kwanza ya hoja hii si vigumu kuijibu. Rushwa hutolewa ili mtu aache wajibu wake. Ujira hutolewa kwa kazi iliyofanywa, na hapana amwitaye seremala mla rushwa kwa sababu hafanyi kitanda bure. Sehemu ya pili ina ukweli ndani yake usiofaa kufichwa. Mwenye chakula ndiye pia mwenye njaa. Njiwa ambao Skinner aliandika habari zao mwaka 1948 walipunguzwa kwanza hata uzito wao ukawa asilimia 75 ya ule wa kushiba. Mfunzi amwachishaye mbwa chakula siku mbili ili apate bidii ameificha fimbo tumboni mwa mbwa. Upole wa njia haujulikani kwa kukosekana kipigo peke yake. Alama yake ni nyingine: je, mbwa akikataa, hupatwa na nini? Akiwa hapatwi na kitu, akala chakula chake cha jioni kama kawaida, akalala mahali pake, basi aliloombwa lilikuwa ombi kweli. Akiwa atalala na njaa, lilikuwa tishio lenye sauti tamu.

Kukataa ndiko kunakomtisha mwenye kupenda enzi, na ndiko kwenye faida kubwa. Tangu mwaka 2014 mbwa wamefunzwa Usa River, karibu na Arusha, kunusa pembe za ndovu na magendo mengine ya wanyama, kisha wakapelekwa kazini, ikiwa ni pamoja na bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Mbwa hupitishwa kando ya makontena na mizigo. Akitambua harufu, hukaa na kutulia, na malipo yake ni kuchezeshwa kidogo. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limewafunza panya buku kwa sauti ya "ta" na chakula, wakatambua mabomu yaliyozikwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Katika kazi zote hizi mtu hana pua ya kuhakikisha. Anategemea ushahidi. Fimbo yaweza kuulazimisha mwili wa mbwa kuketi, kusimama, au kutambaa, lakini haiwezi kulazimisha ushahidi. Mbwa anayeogopa kukosea atauangalia mkono wa bwana wake badala ya kuinusa mizigo, na ataketi mahali anapodhani bwana ataridhika. Asiye huru kusema "hapana kitu" hawezi kuaminiwa asemapo "kipo". Mahakimu waliosikiliza maungamo yaliyotolewa kwa mateso wanaijua hesabu hii.

Pana watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya nchi zenye shibe, na kwamba pwani ya Afrika ya Mashariki mbwa hana nafasi ya kuzungumzwa hivi. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi, na mcheza na mbwa, wasema wahenga, huingia naye msikitini. Lakini fikihi ile ile humtenga mbwa aliyefunzwa na asiyefunzwa. Aliyefunzwa ni yule aendaye atumwapo, asimamaye azuiliwapo, na asiyekula mawindo. Alichokamata huweza kuwa halali hata kikifa kabla ya kuchinjwa. Mnyama amepata daraja katika sheria kwa sababu ya elimu aliyopewa! Wala haikusahauliwa hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake. Umbali na mate ya mbwa ni jambo moja. Ukatili ni jambo jingine, na wa pili haukupata ruhusa kutoka kwa wa kwanza.

Tena shibe haina sehemu katika habari ya kichaa cha mbwa. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2015 yalikuwa vifo 59,000 hivi vya watu kila mwaka duniani, karibu vyote katika Asia na Afrika, na karibu vyote kwa kuumwa na mbwa. Kinga yenyewe yajulikana: mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukatika njia. Katika vijiji vya Tanzania siku ya chanjo mara nyingi ni watoto wawaletao mbwa, kamba mkononi, mpaka penye mti au shule. Mbwa aliyezoea kwamba mkono wa mtu huleta kipande cha ugali hukubali kushikwa. Aliyezoea jiwe huonekana kwa mbali akitoroka vichakani, hana chanjo, na jioni hurudi nyumbani kulala karibu na mtoto yule yule. Msasi mkali huwa na mbwa mkali, na ukali huo hauchagui wa kuumwa.

Limebaki suala la matembezi, ambalo wengi hulidharau kwa kuwa huonekana ni kuzungusha mnyama tu. Humo ndimo deni hulipwa. Mchana kutwa mbwa hufuata mambo ya watu: hula wanapotaka, hunyamaza wanapotaka, hufunguliwa wanapokumbuka. Akitolewa nje, hukuta kwamba hata njia ni ya bwana, mwendo ni wa bwana, na kila ainamishapo pua kamba humvuta. Pua hiyo ndiyo macho yake na gazeti lake. Pumzi itokayo hupita katika mipasuko ya pembeni mwa pua, hivi haiipeperushi harufu iliyo mbele, na shina la mti ambalo kwa mtu ni shina tu, kwake ni orodha ya waliopita. Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walitangaza jaribio lao: mbwa waliopewa wiki mbili za mazoezi ya kutafuta kwa pua walizidi kuwa na matumaini mbele ya bakuli la mashaka, na waliofanya mazoezi ya kufuata kisigino cha mtu, ijapokuwa nao walilipwa chakula, hawakubadilika. Jaribio hili lawahusu hata wafunzi wapole, kwa kuwa laonyesha kwamba malipo peke yake hayatoshi. Mbwa alipwaye vizuri siku nzima kwa kufanya matakwa ya mwingine bado hajapata saa yake.

Aidha yafaa saa hiyo iwe ya mbwa mmoja. Wawili wakitolewa pamoja, mwepesi huamua na mzito hukokotwa. Kijana hutaka kukimbia, mzee hutaka kusimama, mwoga hutaka njia isiyo na pikipiki, na mtu aliye katikati huishia kuzitenganisha kamba. Akitoka na mmoja, ataona kwa mara ya kwanza kwamba mbwa aliyemdhania mvivu ni mchunguzi, na aliyemdhania mkali huogopa watu waliovaa kofia. Yatosha kamba nyepesi ya mita tatu au nne, na subira. Kwenye njia panda mtu husimama, mbwa huchagua. Penye nguzo pua huganda dakika nzima, huenda kulia, hurudi kushoto, hupanda juu kidogo na kushuka tena. Kamba imelegea, imegusa ardhi. Mtu hutazama upande mwingine, kama afanyavyo msafiri mwungwana mwenzake anaposoma barua.