Hana Mfano, Tena Mfano wa Kuigwa

Tarehe 8 Machi 2020 Siku ya Wanawake Duniani iliadhimishwa kitaifa Bariadi, mkoani Simiyu, na mgeni rasmi alikuwa Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan. Mwaka mmoja na siku 11 baadaye mgeni huyohuyo aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Tangu hapo nimeirudia siku ile ya Bariadi mara nyingi kichwani, na kinachonirudisha ni neno moja ambalo haliachi midomo yetu kila tunapomsifu mwanamke aliyefika mbali. Tunasema hana mfano. Kisha, kabla hata hatujavuta pumzi, tunasema ni mfano wa kuigwa.

Yaweke maneno hayo pamoja uyatazame. Asiye na mfano hafanani na yeyote, basi huyo utamwigaje? Kuiga kunataka pa kushikia, mahali ambapo maisha yangu na yake yanagusana. Na wa kuigwa, kama kweli anaigika, hawezi kuwa wa peke yake. Sifa hizi mbili zinafutana, lakini kwenye sherehe zinasomwa kwa mpigo mmoja, watu wanapiga vigelegele, na msichana aliyeletwa na shule yake anarudi nyumbani akiwa ameambiwa mambo mawili: kuwa kama huyu, na hakuna aliye kama huyu.

Nadhani Kiswahili chenyewe kinatupa njia ya kutoka, maana neno mfano lina maana nyingine ambayo haijazoea majukwaa. Utaikuta kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Simiyu ni nchi ya pamba, na msimu wa mauzo unapofunguliwa mkulima hufikisha mzigo wake kwa mnunuzi. Mzigo hautawanywi wote ili ujulikane. Mkono unaingia, unatoa konzi moja, macho yanatazama: safi au fifi? Konzi ile ni mfano wa mzigo. Hakuna anayeisifu kwa kuwa tofauti na pamba iliyobaki. Kazi yake yote ni kufanana nayo, na kama haifanani, basi imedanganya. Mwanamke anayesherehekewa ningependa tumtazame hivyo, kama konzi iliyotolewa mzigoni, inayotuambia mzigo wenyewe ukoje.

Msomaji atanipinga, na ana haki. Atasema msichana wa Meatu, hukohuko Simiyu, hahitaji mafumbo ya pamba, anahitaji kumwona mwanamke ikulu ili ajue kwamba inawezekana. Nakubali kwamba kuona kuna nguvu. Kuna mambo ambayo akili haithubutu kuyawaza mpaka jicho liyaone kwanza. Lakini msichana huyo anaonyeshwa nini hasa? Anaonyeshwa jukwaa, msafara wa magari na kiti. Haonyeshwi meza ya karani. Samia, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1960, alimaliza sekondari akaajiriwa karani serikalini, akasoma huku akifanya kazi, akapitia chuo cha Mzumbe, na mwaka 2000 akaingia Baraza la Wawakilishi kupitia viti maalum. Mwaka 2014 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba, mwaka 2015 Makamu wa Rais. Hatua za mwanzo hapo zinafanana na hatua za maelfu ya wanawake waliokaa kwenye meza kama ile, na wengi wao hawakuitwa popote. Ukiitaja meza, msichana amepata pa kushikia. Ukiiruka, umempa nyota ya kutazama usiku.

Kuna na jambo zito zaidi. Asiye na mfano hapimwi, kwa kuwa kipimo ni ulinganifu. Tukimweka kiongozi mwanamke nje ya mizani kwa heshima, tumemnyima jambo ambalo wanaume wamekuwa nalo siku zote: kuwa kiongozi wa kawaida, anayesifiwa kwa alichotenda na kulaumiwa kwa alichotenda, bila lawama hiyo kugeuzwa hukumu ya jinsia nzima. Usawa unaoishia kwenye pongezi haujawa usawa.

Ndiyo maana nalipenda zaidi neno "wa kwanza". Ni neno la kuhesabu, na anayehesabu moja ameahidi mbili. Anne Makinda alipokuwa Spika wa Bunge mwaka 2010, alikuwa mwanamke wa kwanza. Tulia Ackson alipokalia kiti hichohicho mwaka 2022, alikuwa wa pili, na wa pili huwa hapigiwi ngoma kubwa. Mimi naona ngoma ingepaswa kuwa yake. Wa kwanza anaweza kuwa bahati. Wa pili ni ushahidi kwamba mlango haukufungwa nyuma ya yule wa kwanza.

Mahali ambapo jambo hili la mmoja kuwa mfano wa wengi linaeleweka zaidi kuliko kwenye sherehe ni mahakamani. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Uzeeni, akiwa hana wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, alikwenda kortini kudai uuzaji huo ni batili, kwa kuwa mila ya Kihaya haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inagongana na haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Holaria hakuwa amepanda jukwaa lolote. Alitaka kula na kuishi kwa alichoachiwa na baba yake. Lakini sheria haimsikilizi mtu mmoja halafu ikamaliza kwake. Ikishasema kwa Holaria imesema kwa kila binti aliye katika hali yake, na mwaka 1999 sheria za ardhi ziliandika haki ya mwanamke kumiliki na kuuza sawa na mwanamume. Huyo alikuwa konzi ya mzigo.

Na miezi michache tu kabla ya siku ile ya Bariadi, Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa ya Serikali katika shauri la Rebeca Gyumi. Mwanasheria huyo kijana alikuwa amepinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa na miaka 15, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, huku mvulana akisubiri 18. Mahakama Kuu ilikuwa imemkubalia tangu Julai 2016. Gyumi hakuwa akidai haki yake mwenyewe. Alisimama kwa niaba ya wasichana ambao mahari yao hutangulia mitihani yao, na kanda hii yetu ya Ziwa, ambako mahari ni ng'ombe na ng'ombe ni benki, inawajua kwa majina.

Sasa niseme jambo ambalo ni gumu kulisema siku ya sherehe. Usukumani, ambako Simiyu imo, kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa ushahidi. Macho yale yalitiwa wekundu na moshi. Ni miaka na miaka ya kupuliza mafiga ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, mahali ambapo miti imekwisha na kinachochomwa ni kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno. Jicho lile lilikuwa la kila mwanamke aliyepikia watu wake mpaka akazeeka. Alama ya wote ikachukuliwa ikafanywa yake peke yake. Mchawi naye, ukifikiri vizuri, ni mtu asiye na mfano: uwezo wake haufanani na wa mtu mwingine, basi na huruma tunayowapa wengine haimhusu.

Sisemi kumsifu mwanamke na kumuua ni jambo moja. Mungu apishe mbali. Nasema vyote viwili vinaweza kuanzia mahali pamoja, pale tunapomtoa mwanamke mmoja mzigoni na kusahau kwamba ametoka mzigoni. Kama siku ile ya Machi tungeweza kuyatazama macho mekundu ya bibi wa Itilima, jirani na Bariadi, na kusoma humo idadi ya watu aliowalisha, miaka ya ukame aliyoivusha nyumba yake, akiba ya mtama aliyokataa iuzwe hata pamba iliposhuka bei, tungekuwa tumeuona uongozi kabla haujapewa kiti. Pamba ameipalilia na kuichuma yeye na watoto, ingawa jina kwenye daftari la chama mara nyingi ni la mumewe. Yeye anaitwa "mayu", mama, na kila mpita njia.

Wasukuma wana majina ambayo ningeyaleta kwenye sherehe kama hizo kabla ya hotuba. Kabula ni aliyezaliwa mvua ikinyesha. Limi alizaliwa jua likiwaka. Milembe alikuja wakati wa amani. Na Nyanzala alizaliwa mwaka wa njaa. Mite Nyanzala, naye ageuke, na tayari umeutaja mwaka ambao hata kwa jirani mafiga yalilala baridi, na mwanamke fulani, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alihakikisha mtoto huyu anaishi.