Nakshi ya Saa na Amana ya Wakati

Sisi wa Masanze, tuliozoea kuhesabu saa kwa jua lipandalo na lishukalo, huenda tukauliza kuna faida gani fundi kulinakshi kwa maua kabati la saa ndefu ya kusimama, ilhali risasi nzito ndani yake, ikishuka polepole ili kuyazungusha magurudumu yenye meno, yatukumbusha kwamba umri nao washuka. Saa zenyewe nazo hazidumu: mnara wa saa wa jumba la Beit al-Ajaib, Unguja, uliporomoka Desemba 2020, na wakati haukusita. Hata hivyo, Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Sura ya Al-Asr. Kwa hiyo wakati ni amana, na nakshi hiyo ya saa iupimayo si israfu, bali ni taadhima kwa amana hiyo, mradi mwenye saa asipuuze sala wala ahadi.