Kumnyang'anya mama sufuria, ni haki?

Mama anayeuza maandazi kando ya barabara anafukuzwa; sufuria yake inachukuliwa. Je, serikali inakosa? Si kwa kutaka usafi, maana chakula kichafu huua, na mlaji naye ni jirani yetu. Lakini Torati ilikataza kutwaa jiwe la kusagia liwe rehani, kwa sababu mtu huishi kwalo. Na sufuria je?

Tutazame Singapore. Mwaka 1968 na 1969 wachuuzi waliandikishwa. Kisha, hata kufika 1986, wakahamishiwa katika masoko yaliyojengwa kwa ajili yao, yenye maji na mifereji. Si wote waliofurahi. Walakini aliyeondolewa barabarani alipewa pahali. Kwetu mama hutozwa ushuru kila siku, hata pale soko lisipokuwa na bomba.