Chungu cha Mama Siku ya Krismasi

Kila mwezi wa Desemba barabara za kupanda Kilimanjaro hujaa magari. Wana na binti waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurudi vihambani kwa wazee wao, na wengi, hata kabla ya kuketi, huuliza kama mtori upo. Wala hatuwalaumu. Mtori ni chakula chema. Ndizi mbichi humenywa, zikachemshwa pamoja na nyama yenye mifupa hata zikalainika. Kisha mifupa huondolewa, ndizi zikapondwa na kulegezwa kwa supu yake. Ndicho chakula apewacho mwanamke aliyejifungua, apate nguvu na maziwa. Basi mtu mwenye mvi akiutamani mtori, atamani kitu kilichomfikia kwanza kwa njia ya mamaye.

Lakini twapenda kuuliza: katika nyumba hizo ni nani aifanyaye sikukuu, na ni nani aitumikiaye tu?

Twaona mara nyingi mama mwenye miaka sabini akiamka kabla ya jogoo, akimenya ndizi hata vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. (Asiyepaka mafuta mikononi kwanza atalijua jambo hili kwa siku kadhaa.) Pana mtori, pana machalari, pana na kiburu cha ndizi na maharage kwa ajili ya mjukuu asiyekula nyama. Kengele ya kanisa yalia, naye yumo katika moshi. Watu wakitoka ibadani hukuta chakula tayari, hula, hushiba, husema “aika”, wakalala kivulini.

Wengine wamelitambua jambo hili, wakasema: Na tumpumzishe mama, tuajiri wapishi, tulete pilau. Nia yao ni njema. Walakini mama wengi hawalifurahii shauri hilo, wala tusidhani ni ukaidi wa uzee. Fedha hana, kitenge kipya ameletewa, alichobaki nacho cha kuwapa wanawe ni kazi ya mkono wake. Ukimwondolea chungu umemfanya mgeni nyumbani mwake, mtu wa kupokea tu.

Sisi wahubiri tumemkemea Martha mara nyingi mimbarani, na baada ya ibada tukaenda kula alichopika. Afadhali tumkumbuke Paulo alivyowaonya Wakorintho, ambao wengine walitangulia kula na wengine wakabaki na njaa, akawaagiza wangojane. Twaona agizo hilo lafika hata jikoni.

Basi zawadi ni kitu kimoja, na mzigo ni kitu kingine. Zawadi ya mama ni kuchagua mkungu, kuonja chumvi, kujua ni wakati gani ndizi zapaswa kupondwa. Maji, kuni, kumenya na kuosha masufuria ni mzigo, na mzigo una mabega mengi ya kuubeba. Wazee wengine watasema: Kwetu Wachaga kuchinja na kuchoma ni kwa waume, chungu cha ndizi ni cha wake. Hatudharau mila. Bwana Bruno Gutmann, aliyekaa Moshi ya Kale miaka mingi kati ya 1902 na 1938, alishikilia sana kwamba vifungo vya ukoo na ujirani vilindwe. Lakini kifungo cha ukoo ni ndugu kuchukuliana. Si mmoja kuchukua yote. Tena kijana asiyeshika kisu leo, mama akiisha kulala kaburini, ataula wapi mtori?

Ndizi zaweza kumenywa jioni ya mkesha, nyumba nzima, zikalazwa katika maji zisigeuke rangi. Asubuhi mjukuu mmoja abaki akiangalia moto, na mwakani abaki mwingine. Mama aende kanisani pamoja na watu wake, akae benchi la mbele. Chakula kikichelewa saa moja, wageni wangoje.